Gari linatikisika juu ya matairi makubwa: tafuta chanzo kabla ya kuongeza risasi

Madereva wengi wanaoingia gereji kwetu Nyakato, Mwanza, huwa wameshajiandikia dawa wenyewe. "Fundi, nibalansie matairi." Ukimuuliza gari lina nini, anasema linatikisika. Basi. Kijana wa mashine akimsikiliza hivyo hivyo atafunga tairi, atagonga risasi, vile vizito vidogo vya kwenye ringi vya kusawazisha uzito wa tairi, atapokea hela, na keshokutwa gari linarudi na mtikisiko uleule pamoja na maneno.

Kwa gari dogo la ringi 14 unaweza kubahatisha hivyo ukapatia. Kwa matairi ya meno makubwa, haya ya inchi 31 mpaka 35 yanayofungwa kwenye Land Cruiser mkonga, Hilux na Prado, kubahatisha kunakula siku nzima. Tairi la 285/75R16, ambalo mtaani tunaliita inchi 33, likiwa na ringi yake ya chuma linakaribia kilo 40. Gari likiwa kwenye 80 kwa saa, tairi hilo linazunguka mara 8 na kidogo kila sekunde. Robo kilo ya tope iliyoganda upande mmoja ndani ya ringi, kwa mwendo huo, inavuta kwa nguvu ya kama kilo 13, na inavuta kila pande mara 8 kwa sekunde. Usukani lazima ucheze.

Mwendo gani, na unausikia wapi

Haya ndiyo maswali mawili ninayomuuliza dereva kabla sijashika jeki, na majibu yake hupunguza kazi kuliko mashine yoyote.

Mtikisiko ukianza kwenye 20 au 30 kwa saa, sahau balansi. Uzito uliokaa vibaya hauna nguvu kwenye mwendo huo, kwa hiyo kuna kitu kimepinda, kimevimba au kimelegea. Ukianza kwenye 65 au 70, ukapanda mpaka 85 au 90, kisha ukapungua ukiendelea kukanyaga mafuta, hapo balansi ni mshukiwa wa kwanza. Ukija pale tu unapokanyaga breki, angalia diski na ngoma za breki, tairi liache.

Mahali unapousikia ni pa muhimu vilevile. Mikononi kwenye usukani maana yake matairi ya mbele. Kwenye kiti na sakafuni, tazama nyuma. Na upime ukubwa wa pigo lenyewe: tairi hupiga pigo zito la polepole, unaweza karibu kulihesabu. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye eksoli, inazunguka kama mara 4 kila tairi linapozunguka mara moja, kwa hiyo krosi (kiungo chake) iliyokufa au propela iliyopinda huleta mtetemo mwembamba wa haraka, kama mashine ya kusaga iliyo chumba cha pili. Nimeona watu wakibadilisha matairi manne kwa ajili ya krosi moja.

Limeanza baada ya kutoka porini

Tope. Angalia tope kwanza hata kama dereva anaapa kwamba gari limeoshwa leo asubuhi.

Wakulima wa Usukumani wanatofautisha udongo wao kwa majina, na fundi tairi angefaidika kuwasikiliza. Luseni ni ya kichanga, ikiingia kwenye ringi hutoka yenyewe ukifika lami. Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ukipita nao wakati wa mvua kule ndani ya Magu au Misungwi, unajaza upande wa ndani wa ringi, ule usioonekana ukisimama pembeni ya gari. Ukiegesha usiku, tope bichi linashuka lote chini ya ringi na kukauka hapo kama saruji. Asubuhi una tairi lenye jiwe upande mmoja. Kijana wa kuosha magari anapiga maji kwa mbele, ringi inang'aa, anakukabidhi ufunguo.

Ingia chini ya gari na tochi. Piga maji ya presha kutokea nyuma ya tairi, sogeza gari nusu mzunguko, piga tena, maana nyuma ya kalipa ya breki kuna sehemu maji hayafiki mpaka tairi lizunguke. Lililokauka sana likwangue kwa kipande cha mti. Bisibisi inachubua rangi, na kutu ikianza kwenye ringi ya chuma utaikuta mbele ya safari. Ukishamaliza, endesha kilomita kumi. Mara nyingi kazi imeishia hapo, na mteja anaona aibu kulipia maji tu.

Ukiwa huko chini, tafuta pia alama ya risasi iliyobanduka: kipande kisafi cha mstatili kwenye ringi chafu. Risasi za kubandika ndizo zinazoponzwa na tope na maji ya presha. Ukirudisha nyingine, futa sehemu hiyo kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kausha, bandika, bonyeza kwa nguvu. Kisha zungusha tairi kwa mkono kabla ya kushusha jeki, kwa sababu kwenye ringi 16 kalipa iko karibu sana na risasi nene inaweza kukwanguliwa palepale.

Usukani unacheza kati ya 70 na 90, tope hakuna

Sasa ndiyo zamu ya mashine. Lakini mashine inasema ukweli pale tu tairi lilipofungwa katikati sawasawa, na hili limenifundisha kwa gharama ya mtu mwingine.

Kuna mzee mmoja anayeendesha mkonga, anabeba mafundi wa visima upande wa Geita. Alikuja kwetu mara tatu kwa balansi ya matairi yaleyale ya mbele. Mara ya tatu nilimkuta amekaa kwenye benchi, amevua kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, risasi sasa ni nyingi kuliko tairi."

Nilienda kwenye mashine mwenyewe. Kijana alishamaliza, kioo kinaonyesha sifuri ndani, sifuri nje. Nikalegeza nati ya mashine, nikalizungusha tairi nusu mzunguko juu ya shafti bila kugusa risasi hata moja, nikakaza, nikafunga kifuniko. Likazunguka, likasimama: 55 ndani, 40 nje. Tairi lilelile, dakika ileile.

Tundu la katikati la ringi hizi za bolti tano lina upana wa milimita 110. Koni, kile kipande cha mashine kinachoingia kwenye tundu hilo kuiweka ringi katikati, yetu kubwa kuliko zote ilikuwa inalishika kwa ukingo tu, na ukingo wenyewe ulikuwa na maganda ya rangi na kutu. Kila tulipolifunga lilikaa mahali tofauti, nasi kila mara tukagonga risasi za kusahihisha kosa letu wenyewe. Tulikwangua tundu mpaka chuma kikaonekana, tukaingiza koni kutokea upande wa ndani wa ringi ambako tundu halijaliwa, na tukakaza nati huku tairi likizungushwa polepole kwa mkono ili likae lenyewe. Tulipojaribu tena nusu mzunguko, tofauti ikashuka chini ya gramu 10. Tukang'oa risasi zote za zamani tukaanza upya.

Kwa hiyo, ukipeleka tairi kubwa kwa fundi yeyote, mwombe afanye jaribio hilo la nusu mzunguko mbele yako. Halihitaji kifaa. Gereji yenye sahani ya vidole, inayoshika ringi kwenye matundu ya bolti kama habu ya gari inavyoishika, iko mbele zaidi, hasa kwa ringi za kununua pembeni ambazo tundu la katikati halikuchongwa kwa ajili ya gari lako. Soma pia kibati cha mashine: nyingi zilizotengenezwa kwa magari madogo huishia kilo 65 au 75, na tairi la inchi 37 lenye ringi nzito linaanza kuzisumbua.

Mashine ikidai zaidi ya gramu 200 upande mmoja, usianze kupanga risasi kama shanga. Toa upepo, achanisha tairi na ringi, lizungushe nusu, jaza, pima tena. Upande mzito wa tairi ukikaa mkabala na upande mzito wa ringi, kazi kubwa imejifanya yenyewe. Tairi jipya lenye nukta ya njano, nukta hiyo ndiyo sehemu nyepesi na huwekwa kwenye valvu. Likiwa na nukta nyekundu na ringi ina alama ya mahali mviringo wake uliposhuka kidogo, fuata nyekundu, ikae kwenye alama hiyo.

Gari linaruka badala ya kuyumba

Kama pua ya gari inadunda juu na chini na usukani umetulia, shuku mviringo. Inua tairi kwa jeki, simamisha kipande cha chaki juu ya tofali karibu na meno, zungusha taratibu. Chaki itachora mahali palipoinuka tu. Kwa matairi ya meno makubwa milimita 1 au 2 huvumilika. Zikizidi 3, hakuna risasi itakayolifanya liwe duara. Rudia kwenye ukingo wa ringi ili ujue nani ana kosa, ringi au tairi. Mwanza ni mji wa mawe, na ringi nyingi zilizopinda tunazoziona zimegonga jiwe kwenye kona ya kupandia nyumbani, siyo porini.

Halafu kuna tairi ambalo halijakaa kwenye ringi. Karibu na ukingo wa ringi, ubavuni mwa tairi, pana mstari mwembamba unaozunguka. Ukiona umezama upande mmoja na kujitokeza mwingine, toa upepo, paka sabuni ya kutosha pande zote, jaza tena bila kuvuka kipimo kilichoandikwa ubavuni. Gari lililosimama muda mrefu nalo hudunda asubuhi kwa sababu matairi yamelala upande mmoja; likiacha baada ya kilomita 20, liache.

Linayumba kwenye 30, kama linacheza

Simama. Pitisha kiganja juu ya meno na ubavuni, tafuta uvimbe. Nyuzi za chuma ndani zimeachana na mpira, na tairi hilo linasubiri kupasuka. Halibalansiwi, halipelekwi nyuma, haliwi akiba. Hutokea sana kwa matairi ya mtumba yenye meno mazuri na umri mkubwa: soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari ubavuni unaoanza na herufi DOT, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Muuzaji atakuonyesha meno. Wewe muulize mwaka.

Leo linatikisa, kesho limetulia

Kitu kinatembea ndani ya tairi. Kwa huku kwetu kwa kawaida ni maji. Kompresa isiyofunguliwa bomba la chini kila siku inajaa maji tumboni, na kila tairi linalojazwa hapo linapewa glasi yake. Bonyeza pini ya valvu ikiwa imeelekea chini: ukitoka ukungu na matone, umempata mwizi. Vua tairi, kausha, na upepo mwingine katafute kwa fundi mwingine. Dawa ya maji ya kuziba pancha huleta kisa hichohicho.

Hapa ndipo wanapoingia wale wa shanga. Zipo shanga ndogo za kioo au za kauri zinazomiminwa ndani ya tairi, kati ya gramu 200 na 300 hivi kwa matairi ya inchi 33 mpaka 35. Gari likishika mwendo, mtikisiko wenyewe unazisukuma zikusanyike mkabala na upande mzito. Ukisimama zinaanguka chini, ukianza tena zinajipanga upya. Faida yake ni kwamba tope jipya au jino lililong'oka zinalifuata, wakati risasi inabaki ilipogongwa. Mimi sizikatai. Lakini zinataka tairi kavu kabisa lisilo na tyubu, zinataka valvu yenye chujio isije ikabana shanga na kuvuja, na zikilowa kwa yale maji ya kompresa zinashikana bonge moja ambalo sasa ni ugonjwa mpya. Mwendo mdogo hazifanyi kitu, na ringi iliyopinda haziinyooshi. Ukiziweka, ng'oa risasi zote kwanza.

Na tafadhali, mchanga wa ziwani siyo shanga. Nimewahi kufungua tairi nikakuta kilo nzima. Ulikuwa umesaga mpira wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana.

Ringi ya vipande na tyubu

Matairi ya 7.50R16 kwenye ringi za kufuli, yaani zenye pete ya chuma inayofungwa pembeni kulishika tairi, hayajawahi kuwa laini kama mengine, na ukipata gari tulivu mpaka 80 shukuru. Angalia kama mkanda wa mpira ulio kati ya tyubu na ringi haujakunjika na kama kufuli limekaa sawa mzunguko mzima. Likiwa halijakaa, toa upepo wote kabla ya kuligusa. Usiligonge kwa nyundo likiwa na upepo hata kidogo, na unapojaza, tairi liwe ndani ya kizimba au limefungwa mnyororo, na wewe usikae mbele yake. Kufuli linaloruka linaua, na limeshaua mafundi.

Mashine iko mbali

Tuseme upo kisiwani Ukara, na mashine iko ng'ambo ya maji. Unaweza kufanya balansi ya kusimama kwa kutumia habu ya mbele ya gari lenyewe. Weka funguo za habu kwenye FREE ili tairi lizunguke bila kuburuta eksoli, inua, fungua kalipa uifunge pembeni kwa waya bila kuining'iniza kwa bomba lake, ili pedi zisishike. Zungusha tairi kidogo, liache lisimame lenyewe. Weka chaki juu kabisa. Rudia mara nne au tano. Likisimama mahali palepale kila mara, upande mzito uko chini na risasi zinakwenda penye chaki. Anza na gramu 50 za kushikiza kwa utepe, ongeza mpaka tairi lisimame popote linapopenda, kisha gawa uzito huo nusu ndani ya ringi, nusu nje. Ukiuweka wote upande mmoja unaponya kuruka na kuleta kuyumba. Beringi iliyokazwa sana au grisi nzito inaficha gramu kadhaa, kwa hiyo usitegemee ukamilifu. Kwa barabara za kisiwani inatosha.

Usukani unajirusha baada ya kugonga shimo

Unakwenda vizuri, unagonga shimo kwenye 60, na usukani unaanza kujirusha kulia na kushoto mpaka usimame. Shika kwa nguvu, ondoa mguu kwenye mafuta, usiminye breki kwa ghafla.

Balansi mbaya inaweza kuwasha moto huu, lakini kuni ziko kwenye stelingi. Matairi yakiwa chini, mtu mmoja acheze na usukani kushoto kulia, mwingine alale chini akitazama kila kiungo: tairodi, bushi za fimbo inayoshikilia eksoli isiende pembeni, boksi ya stelingi ilipofungwa kwenye chesesi. Kisha inua, shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za tairi. Ukibaki, ni beringi za nako, kile kiungo tairi linapogeukia. Shokapu mpya ya stelingi itanyamazisha kelele kwa mwezi mmoja na kuacha ugonjwa ukikomaa, na ndiyo maana inauzika sana.

Ukirudisha matairi, kaza nati kwa kuruka moja moja kama nyota huku tairi likiwa hewani, kamilisha likiwa chini, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 au 100. Kwa kujaribu, chagua lami nzuri iliyonyooka. Sisi tunapenda njia ya Usagara kwenda Kigongo, na tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 tuna kilomita 3 nyingine zisizo na shimo hata moja, ingawa upepo wa ziwa unaweza kukudanganya kidogo kwenye usukani.

Yule mzee wa mkonga alipita hapo jioni ileile. Alipoegesha Busisi, ng'ambo ya daraja, akanipigia simu, nikajiandaa kwa lawama ya nne.

"Mwanangu, usukani umelala kabisa. Sasa ndiyo nasikia mlango wa nyuma unagonga. Ulikuwa unagonga siku zote?"

Nikamwambia aulete Jumatatu.